Madam Aliyepunguza Nyota

Mara ya kwanza kumsikia Madam akimwambia mtu "Umekufa tena," nilikuwa nimeinama juu ya karai, naosha vyombo vya chakula cha mchana. Ilikuwa Jumamosi. Nyumba za walimu pale shuleni, nje kidogo ya Khayega, zilijengwa mbili mbili, zikigawana ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinua sauti. Madam alikuwa mjane na aliishi peke yake. Hakuwa na mgeni siku hiyo. Mgeni wake asingefika mlangoni bila kupita uani kwangu. Hata hivyo nikaisikia sauti yake kavu, ileile ya darasani, ikisema, "Umekufa tena. Rudi. Rudi tujaribu, na saa hii usikimbie."

Nilibaki na sahani mkononi, povu likinitiririka hadi kwenye kiwiko. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili niliyetoka chuoni juzijuzi, mgeni wa shule na mgeni wa Kakamega. Nilichojua ni kwamba mumewe alizikwa kabla sijahamia pale. Nikaamini kabisa kwamba anazungumza naye. Niliiweka sahani chini. Kisha nikajilazimisha, nikazunguka, nikagonga mlango wake kwa kisingizio cha kuomba chumvi.

Alifungua akiwa amesukuma miwani juu ya paji la uso, kiganjani ameshika kikokotoo kikubwa cheusi, na kidole gumba kikibonyeza.

"Chumvi iko hapo kwa rafu," alisema bila kuniangalia. "Ngoja kwanza nitue."

Nilisubiri. Sikujua anatua wapi. Nilichungulia na kuona kwenye kile kioo kidogo cha kijivu alama ya pembetatu ikishuka polepole kuelekea mstari uliopinda. Pembetatu ikagusa mstari, ikatulia. Madam akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo ya maji.

"Mwezini," akasema. "Haya, chumvi."

Ndivyo nilivyogundua kwamba mwanamke aliyeogopwa kuliko mtu yeyote pale shuleni alikuwa anaunda mchezo wa chombo cha angani. Nilirudi kwangu bila chumvi.

Walimu wengine wa kike waliitwa Madam na jina likafuata. Yeye alikuwa Madam tu. Ukisema "Madam anakuja" bweni zima linanyamaza, na hakuna aliyeuliza Madam gani. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana. Alivaa sweta ya buluu hata jua likiwaka, na mvua ikinyesha, nayo huko hunyesha karibu kila alasiri, alivaa gamubuti za kiume na kuingia nazo darasani. Alikunywa chai ya rangi bila sukari. Watu wa huko, waliozungukwa na miwa kutoka Kabras hadi wanakokujua wao, waliliona hilo kama tusi.

Alifundisha hesabu. Msichana akikosea ubaoni, Madam alicheka. Hakuwa anatabasamu; alicheka kwa sauti, mkono kiunoni, na darasa likacheka naye kwa woga. Niliwahi kupita dirishani nikamwona msichana mmoja aitwaye Nekesa amesimama na chaki, machozi yakimdondoka kwenye kola, huku Madam akisema, "Usiniambie unafikiria. Niambie umeona nini." Nekesa hakuwa ameona kitu. Alirudi kwenye dawati lake akiwa ameinamisha kichwa, na kuanzia siku hiyo akawa anaumwa tumbo kila kipindi cha hesabu.

Nilimchukia Madam wiki hiyo. Jioni akanitumia paja la ingokho, kuku wa kienyeji, kwenye bakuli lililofunikwa. Nilipomshukuru mara ya pili alinikata: "Umeshasema." Alikuwa hivyo. Sebuleni kwake kulikuwa na televisheni aliyoifunika kitambaa cha kushona, na sikuwahi kuiona ikiwashwa. Kanisani aliimba sauti ya pili, na kwaya ikikosea mapigo alinyamaza na kukunja mikono hadi warudie, hata kama ibada imeshika moto. Alikataza simu. Alikataza hadithi za mapenzi. Alikataza redio ndogo ambazo wasichana walizificha ndani ya mikate. Ndiyo maana, nilipoona ile pembetatu, sikuwa na pa kuiweka kichwani mwangu.

Alinieleza mwenyewe baadaye, kwa vipande, huku akichambua mboga. Shule iliwahi kuwa na chumba cha kompyuta. Ndani ya kompyuta zile kulikuwa na mchezo: chombo kinaondoka duniani, kinapita kati ya sayari, na ukitaka kufika ni lazima uelewe mvuto na mwendo, la sivyo unapotea au unaanguka. Aliyeuandika aliruhusu mtu yeyote aufungue na kuubadilisha. Madam aliwaacha wasichana wacheze Ijumaa baada ya masomo, akajifanya anasahihisha vitabu, kumbe anatazama vidole vyao.

Kisha radi ikapiga. Radi ya Kakamega haina mchezo, na siku hiyo ilipita kwenye nyaya na kuunguza kompyuta zote kwa pigo moja. Watu walikimbilia nje. Madam alifika mlangoni na gamubuti zake, akasimama akinusa harufu ya plastiki iliyoungua. Walimu walidhani analilia mitihani iliyokuwa mle. Yeye alikuwa analilia mchezo.

"Hakukuwa na pesa ya zingine," aliniambia. "Na hiyo mchezo iliungua na hizo mashini. Lakini mimi nilikuwa nayo hapa." Akajigonga kipaji cha uso kwa kisu cha mboga.

Stoo kulikuwa na katoni ya vikokotoo vyenye kioo kikubwa, vile ambavyo mtu anaweza kuviandikia maagizo. Wafadhili wa ng'ambo walivileta, na vikafungiwa kwa sababu mtihani wa taifa hauviruhusu. Madam aliomba kimoja. Halafu akaanza kuandika upya mchezo mzima kwa vitufe vile vidogo, herufi baada ya herufi, kutoka kichwani. Kumbukumbu ya kikokotoo ni finyu ajabu. Kitu kilichokaa kwenye kompyuta kwa raha hakikuingia hata nusu. Kwa hiyo ilibidi apunguze. Aliondoa rangi, kwa kuwa hazikuwezekana. Aliondoa muziki. Aliondoa maadui waliokuwa wakirusha risasi, akasema hao hawakuwa wanafundisha mtu kitu. Zikabaki nyota.

Nilimkuta siku moja amekasirika, anatembea uani huku na huku.

"Kila nyota inakula nafasi," akasema. "Nikiziacha, chombo kinakuwa kizito, kinaenda kama ng'ombe mgonjwa. Nikizitoa, mtoto atajuaje yuko angani?"

"Toa mvuto," nikashauri. Nilitaka tu kusaidia.

Aliniangalia kama alivyowaangalia waliokosea ubaoni. "Mwalimu. Mvuto hautolewangi." Akaingia ndani. Jioni nilipoulizia, nyota zilikuwa zimebaki chache sana, zimetawanyika kwenye kona za kioo. Nilipozitazama nilishangaa kwamba zilitosha.

Mimi niliingia kwenye kazi ile kupitia maneno. Alitaka mchezo uzungumze Kiswahili, kwa sababu, kwa maelezo yake, msichana akianguka asianguke na kamusi. Alinigongea mlango akiwa na kile kikokotoo.

"Mafuta yakiisha, nataka iandike nini?"

Nilifurahi. Hatimaye hesabu imekuja kwa Kiswahili. "Iandike, 'Ewe msafiri, mafuta yamekutupa mkono.'"

Alihesabu herufi kwa kidole. "Fupi."

"'Mafuta yamekwisha.'"

"Fupi, Mwalimu. Hii si mashairi. Hakuna nafasi."

"'Kwisha,'" nikasema kwa hasira.

Aliandika. Baada ya hapo kila jioni alinijia kuomba neno fupi zaidi ya lile la jana, nami nikajikuta nalala nikikata maneno kama mtu anayepunguza matawi ya ua. Sijawahi kufundishwa lugha yangu vizuri hivyo, na aliyenifundisha alikuwa akichanganya ngeli zote za Kiswahili bila haya.

Mchezo ulipokamilika aliunakili kwa waya kutoka kikokotoo kimoja hadi kingine, akavigawa darasani bila hotuba. "Mkimaliza zoezi, rukeni," alisema tu. Wasichana walidhani ni mtego. Hakuna aliyegusa hadi alipotoka nje makusudi.

Nekesa ndiye aliyenishtua zaidi. Msichana yule wa maumivu ya tumbo alianguka, akaanguka, akaanguka. Hakuna aliyemwona, kwa kuwa kioo kilikuwa kwenye mapaja yake. Kabla ya muhula kwisha alipata njia ya kuuzunguka mwezi injini ikiwa imezimwa, akitumia mvuto peke yake kurushwa mbele, kitu ambacho Madam mwenyewe hakuwa amekiona. Alimwonyesha chini ya dari ya jikoni, mvua ikinyesha. Nilikuwa hapo. Madam aliomba arudie. Akaomba arudie tena. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa sweta, akasema, "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo tu, Madam," Nekesa akajibu.

Niliwahi kumuuliza Madam kwa nini alijisumbua hivyo. Tulikuwa tunasonga obusuma, ugali wa huko, kwake, yeye anasonga, mimi nashika sufuria. Alisema, "Ukikosea kwa ubao, watu wote wanaona. Ukikosea huko juu, ni wewe na hicho chombo."

"Lakini Madam," nikathubutu, "ubaoni wewe ndiye unayewacheka."

Mwiko ulisimama. Nilifikiri nitatupwa nje.

"Najua," akasema. "Nikiwa kwa darasa inatokanga yenyewe. Nimejaribu kuiacha, imenishinda." Akaendelea kusonga. Hakuligusia tena jambo hilo, na aliendelea kucheka ubaoni hadi siku ya mwisho.

Kisha wazazi wakaja juu. Siku hizi vijana wengi wanapoteza hela kwenye michezo ya kamari ya simu, na baadhi ya michezo hiyo ina ndege inayopaa juu ya kioo. Mzazi mmoja alikuta kikokotoo kwenye sanduku la binti yake likizo, akaona pembetatu inaruka, akakata shauri kwamba shule inafundisha watoto kamari. Habari ilitembea sokoni Khayega, ikatembea kanisani, na bodi ya shule ikaitisha kikao. Mimi niliitwa kwa kuwa maneno yalikuwa yangu.

Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa nimepanga hoja zangu, nimezirudia mbele ya kioo. Mwenyekiti alisoma malalamiko, mzazi mmoja akapiga meza na kusema mtoto wake hataenda kuzimu kwa ajili ya kalkuleta. Mwalimu mkuu akasema, kwa unyonge, kwamba kwa amani ya shule ni bora mchezo ufutwe. Wote wakamgeukia Madam. Nilingoja ngurumo.

"Mmesema nifute kwa kalkuleta?" akauliza.

"Kwa kalkuleta zote," mwenyekiti akajibu.

"Sawa."

Alivuta katoni iliyokuwa chini ya kiti chake. Alikuwa amekuja nayo. Akatoa kikokotoo kimoja, akabonyeza, akamwonyesha mwenyekiti kioo kitupu, akakiweka mezani. Akatoa kingine. Alifuta vyote mbele yetu, kimya, na hakuna aliyethubutu kumwambia imetosha. Karibu na mwisho, yule mzazi aliyepiga meza alikuwa anatazama sakafu. Zile hoja zangu sikuzitoa. Kazi ya vidole vya miaka ilikuwa inazimika mbele ya macho yangu, na mwenye vidole hakuonyesha hata kununa.

Nilimfuata njiani tukirudi kwenye nyumba. Nilimpigia kelele. Nilimwita mwoga, neno ambalo hakuna mtu Kakamega nzima aliyewahi kumwita.

"Mimi ni mwalimu wa serikali," alisema akiruka dimbwi. "Nimeambiwa nifute, nimefuta."

"Na wasichana?"

Alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona ncha ya tabasamu. "Wewe ni mtu wa lugha, Mwalimu, na hukusikiliza. Wamesema kalkuleta. Kuna mtu alisema simu?"

Aliendelea na njia, nami nikakimbia kumfikia.

Jumamosi iliyofuata alipanda boda boda hadi mjini na kuingia kwenye saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, karibu na stendi. Nilimsindikiza, maana sikutaka kukosa. Kijana wa saiba alimwona mama wa sweta na mkoba, akasimama kwa heshima. "Karibu mathe. Ni kuprinti ama ni mambo ya kodi?"

"Nataka kuweka mchezo kwa kabambe," Madam akasema.

Kijana alinigeukia mimi kuomba tafsiri.

Kabambe, zile simu ndogo za vitufe ambazo kila nyumba ya mkata miwa inayo, zilikuwa mateso mapya. Kila aina ilikuwa na kioo chake, nyingine kipana, nyingine chembamba, na mchezo ukikaa vizuri kwenye moja unakatwa miguu kwenye nyingine. Lugha ya kuziandikia ilikuwa tofauti kabisa na ya vikokotoo. Aliianza kama mtoto wa chekechea, katikati ya vijana waliovaa spika masikioni. Waliacha kumcheka baada ya muda, wakaanza kumwachia kile kiti cha karibu na dirisha. Alikosea sana. Pale, akikosea, alijicheka mwenyewe, kwa kile kicheko kilekile, mkono kiunoni.

Mchezo uliingia mitaani bila tangazo. Wasichana waliupeleka nyumbani kwenye kadi ndogo za kumbukumbu za simu, kaka zao wakaunakili, na msimu mmoja niliwakuta wakata miwa Kabras wamepumzika kivulini mwa trela, mmoja ameinamia kabambe, mwenzake anamwambia, "Zima injini, wewe! Zima, mvuto utakubeba!" Nilipiga simu kwa Madam kumwambia. Aliniacha nimalize kueleza. Halafu akauliza, "Kioo cha simu yake ni cha upana ama wembamba?"

Alistaafu bila sherehe kubwa. Aliondoka kwenda kwa dada yake mdogo, Mautuma, ambako wana shamba la mahindi na ng'ombe wawili watatu. Mimi nilihamishiwa shule nyingine. Tulipigiana simu, kisha tukapunguza, kisha siku moja akapokea na kuniuliza mara kadhaa mimi ni nani. Nilidhani ni mtandao mbaya.

Nekesa ndiye aliyenipa habari kamili. Sasa ni mwanamke mzima, anaandika programu za kompyuta katika ofisi moja mjini Kakamega. "Mwalimu, twende tumwone," alisema. "Dada yake anasema anasahau. Anasahau sana."

Tulimkuta barazani adhuhuri, anapukuchua mahindi, sweta ya buluu imefungwa vifungo visivyolingana. Amekonda. Dada yake akasema kwa sauti, "Wageni wako hawa, wa shule," naye akatusalimia vizuri, akatuuliza habari za wazazi wetu, na macho yake yakapita juu yetu kama mtu anayetafuta kiti kitupu. Hakunijua. Hakumjua Nekesa. Nilikuwa nimeambiwa, na bado ilinipiga kifuani kama kitu kilichotupwa. Kichwa kile kilichobeba mchezo mzima baada ya radi hakikuwa na nafasi yangu.

Nekesa alipiga magoti kando yake, akatoa kabambe ya zamani mkobani, akaufungua mchezo na kumwekea kiganjani. "Jaribu, Madam."

Vidole vyake vilijua. Uso ulikuwa hauelewi, lakini kidole gumba kilikwenda chenyewe kwenye kitufe. Aliruka, akaanguka. Aliruka, akaanguka. Akasonya.

"Nani alitengeneza hii kitu? Ana roho mbaya. Mwezi unavuta hivi?"

Nekesa aligeuza uso. Ikabidi nijibu mimi. "Mwalimu mmoja wa hesabu."

"Mzungu?"

"Hapana. Wa hapa hapa Kakamega. Mwanamke."

Aliacha kubonyeza. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, mahindi yakimwagika kutoka mapajani. "Mwanamke wa hapa hapa?" Akamgeukia dada yake. "Umesikia? Mwanamke wa hapa hapa!" Alicheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, chepesi, kiganja juu ya mdomo. Kisha akainamia simu tena, na akaacha kutusikia.

Dada yake alileta chai. Ilipoa. Madam aliruka hadi karibu na mwezi, akazima injini, akauzunguka taratibu. Akarudia. Akarudia tena, akiwa amekunja uso.

"Hapa amekosea," akasema.

"Wapi?" Nekesa akauliza.

"Angalia. Nimezima injini. Lakini nikifika huku nyuma, mafuta inapungua bado. Kama umezima, inaenda wapi?"

Nekesa alichukua simu. Aliruka, akazima injini, akapita nyuma ya mwezi, macho kwenye alama ndogo ya mafuta. Akarudia mzunguko uleule. Sote tuliocheza miaka hiyo tuliamini kwamba nyuma ya mwezi ndivyo kulivyo, kwamba ugumu wa pale ni sehemu ya mchezo.

"Ni kweli," alininong'oneza. "Imekuwa hapo wakati wote. Hakuna aliyeiona. Hata yeye."

Madam alikuwa amerudia mahindi yake. Punje zilidondoka kwenye ungo moja moja.

"Huyo mwalimu," akaniuliza bila kuinua kichwa, "bado ako hai?"

"Ako, Madam."

"Basi mwambie asivunjike moyo, amefanya kazi," akasema. "Na mwambie akuje hapa. Nitamwonyesha."